Wadogo zangu wa fildi, hema lina nguzo

Nyie wanafunzi wa utalii mnaoletwa Mlima Kilimanjaro kufanya fildi, karibuni sana. Ila naandika nikiwa na hasira. Juzi tu geti la Machame nimemwona kijana anaubeba mzigo kwa goti ili mzani usisome zaidi ya kilo 20. Jamani! Anayepima pale ameona magoti ya wagumu, yaani sisi wapagazi, tangu hamjaanza chekechea.

1. Kilo zikizidi, sema hapo hapo getini, mzigo ugawanywe. Ukinyamaza, utazikuta kwenye ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kwa mikono, na pale kila mtu ana mzigo wake.

2. Soksi na nguo za kulalia zifungwe kwenye mfuko wa nailoni kwanza, ndipo ziingie begini. Basi.

3. Mzigo uliokabidhiwa hauhami bila mkuu wa wagumu kujua. Hapa nisikilizeni, maana nimelipia. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa hema la mesi, lile la wageni kulia chakula. Tukiwa kambi ya Shira mvua ikanyesha usiku kucha, na mnajua turubai likilowa linavyokuwa. Asubuhi nikaona siliwezi, lakini kusema naona aibu. Mwenzangu akiwa chooni nikachomeka nguzo zote kwenye begi lake la nguo, nikijiambia nitamweleza njiani. Huyoo nikaondoka, nikapita njia ya chini ya wagumu, nikafika kambi ya Barranco wa kwanza, najisifu.

Kumbe huku nyuma mwenzangu katapika, kiongozi mkuu kaamuru ashushwe. Mzigo wa kundi wakagawana. Begi lake akashuka nalo.

Wageni wakateremka kutoka mwamba wa Lava Tower mvua ya mawe inawapiga. Turubai liko chini, limetandazwa, halina pa kusimamia. Mkuu wa wagumu akauliza, "Nguzo ziko wapi?" Nikasema zinakuja. Akauliza tena, nikasema zinakuja. Mama mmoja mgeni alikuwa amekaa juu ya jiwe na sahani ya bisi mapajani, bisi zinalowa, naye ananitabasamia. Bora angenitukana. Wageni wakala kila mtu hemani kwake, na sisi tuliokuwa tunalala mesi tukabanana jikoni na masufuria kila usiku mpaka tunashuka. Mpishi alianza kunisema Barranco akamalizia geti la Mweka. Nguzo nilizikuta Moshi, Pasua, kwa mama yake yule mwenzangu, ameshazifungia kamba ya kuanikia nguo. Na kuzirudisha hakutaka!

4. Kichwa kikiuma, sema. Yule mwenzangu kilimuuma tangu usiku, akaficha asionekane mlegevu. Kuzaliwa Kibosho au Machame hakukusaidii kitu. Nyumbani kwenu ni chini sana ukilinganisha na Shira. Wageni wanapandishwa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, halafu wanashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili miili izoee. Sisi tunakata njia ya chini na mzigo kichwani, kwa hiyo hata hiyo nafasi ya kuzoea hatuipati. Kunywa maji, tembea mwendo wako, mwambie kiongozi mapema.

5. Usimharakishe mpishi. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 85 hivi, maharage ya kule utayasubiri mpaka wageni warudi kutoka kileleni. Mpishi mwenye akili huyaivisha chini. Na Barafu kwenyewe maji hakuna, ya mwisho ni ya bonde la Karanga, tunapanda nayo kwenye madumu. Kuhusu tipu sisemi, hesabu yake mnaijua kunishinda. Ila mwanafunzi nitakayemwona pale Karanga anachukua dumu la pili bila kuagizwa, huyo nitamwombea nafasi kwa bosi mimi mwenyewe, hata kama hajui kukunja hema.