Kabla hujachukua mkasi: majalada ya zamani ya Joe

Mkuu, umeuliza kama uyakate majalada ya yale majarida ya Joe, jarida la vichekesho la Kenya, uliyoachiwa na marehemu mjomba, uyatie fremu sebuleni, kurasa nyingine utupe. Weka mkasi chini kwanza.

Mimi haya makaratasi nimeyaokota tangu nikiishi Nairobi, kwa wale wauza vitabu wa kando ya njia ambao lazima uiname ndipo uone. Joe ilianzishwa 1973 na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno na mchoraji wa katuni Terry Hirst, ikafa 1979. Majalada mengi ni mkono wa Hirst, na Joe mwenyewe ni yule mtu wa kawaida wa mjini, mfuko mtupu, anayecheka asije akalia. Jalada likishakatwa, hiyo inabaki picha tu. Likiwa na kurasa zake, lina mwezi, mwaka, majina ya waliolitengeneza na hadithi fupi ndani.

Wamarekani wanakata sana jarida lao la The Saturday Evening Post kwa ajili ya Norman Rockwell, aliyelichorea majalada zaidi ya 300 kati ya 1916 na 1963. Lakini lile lilichapwa kwa mamilioni, ukiharibu moja yapo mengine. Joe utayapata wapi?

Makosa yangu sasa. Jalada la kwanza nililipeleka duka la steshenari likatiwa laminesheni. Lilitoka na mapovu, na ile plastiki haibanduki tena bila kuondoka na wino. La pili nililitundika mkabala na dirisha. Wekundu ulitangulia kufifia, kisha manjano, na baada ya miaka michache watu wote pale jaladani wakawa rangi ya samawati kama wazama maji. Nilipohamia Mombasa, hewa ya chumvi ikala pini za katikati, kutu ikachora mistari kwenye karatasi. (Pini hizo zing'oe taratibu kwa kisu butu, usivute.) Selotepu usiiguse kabisa, hata kama pamechanika.

Ninachofanya siku hizi: jarida zima nalilaza bapa, kadi ngumu nyeupe chini yake, ndani ya mfuko wa plastiki usionuka. Ile laini yenye harufu kali huwa inanata na wino. Kabati liwe mbali na ukuta wa nje, na ulifungue mara kwa mara, maana wadudu wa karatasi wanapenda giza lililosahaulika. Ukutani natundika nakala: skani nzuri, ichapwe kwa ukubwa uleule. Wageni hawajui tofauti. Mwenye lenzi ya sonara ndiye atakayejua, na mgeni wa hivyo mpe chai, mtaongea hadi usiku.

Kama kuna lililokwisha kuachana na kurasa zake, hilo tia fremu bila wasiwasi, ila kioo kisigusane na karatasi: weka ukingo wa kadi katikati.

Na ukikuta toleo lolote umelipata mara mbili, nicheki faragha.