Anasema yuko sawa, lakini kazi zimemwelemea. Nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mhasibu mkuu wa kampuni ya usambazaji hapa Dar es Salaam, nina watu wanne chini yangu. Mmoja wao, dada ambaye hesabu zake sikuwahi kuzirudia, tangu miezi miwili anakosea vitu vidogo, anabaki ofisini hadi saa mbili usiku, na kwenye vikao hasemi neno. Nikimuuliza ananijibu yuko sawa. Nimpe onyo, au likizo?

JIBU: Ndugu mhasibu, onyo liweke kando. Mtu makini akianza kukosea kazi anayoijua, huku muda wake ofisini ukizidi kurefuka, dalili hizo si za uzembe. Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza uchovu wa kazi mwaka 2019, lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Huo ukimya wake vikaoni usiuone mdogo.

Jibu la "niko sawa" usimlaumu nalo. Kwetu "habari za kazi?" hujibiwa "nzuri" hata na mwenye msiba, ndiyo adabu. Ukweli huja baada ya "ila": "Nzuri, ila zile ankara za Mwanza..." Wengi wetu tulio viongozi hukatiza hapo hapo kwa haraka zetu. Nyamaza, umwache amalize. Na usimuulize ana tatizo gani, atajiona yuko kizimbani. Muulize: "Ni kazi gani inakuchelewesha kutoka siku hizi?"

Kisha kaeni wawili, aorodheshe kila anachofanya, pamoja na anayotumwa na wengine bila wewe kujua. Niliwahi kukuta karani analetewa kazi na idara tatu, kila moja ikidhani yuko kwa ajili yake tu. Kodi ya mishahara ya tarehe 7 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20 haziahirishiki, TRA, mamlaka ya mapato, hawangoji. Lakini ripoti ya kila wiki isiyosomwa na mtu, ifute. Usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyenu na taarifa ya benki, apewe mwenzake mwezi huu. Na wanaomtuma bila kupitia kwako, waambie wewe mwenyewe. Kumwachia yeye akatae amri ya mkubwa ni kumwongezea mzigo, na hapa ndipo mamlaka yako yanapomsaidia kuliko maneno yoyote ya kumpa moyo.

Piga hesabu ya saa pia. Kama mnafunga saa kumi na moja jioni, anazidisha saa 3 kwa siku: 15 kwa wiki ya siku tano, 60 kwa wiki nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa 50 tu za ziada katika wiki nne, tena za kulipwa. Likizo yake ya siku 28 apewe, ila panga kwanza nani atashika kazi zake. Akirudi akakuta rundo linamsubiri, hajapumzika.

Akikueleza kwamba hapati usingizi, hali chakula, au amekata tamaa ya maisha, hilo ni la daktari. Mpe ruhusa siku hiyo hiyo, na asiende peke yake.

Baada ya wiki moja mrudie, uangalie kama ulichomwondolea kimeondoka kweli. Mara nyingi huwa kimerejea mezani kwake kimyakimya.