Maswali na Majibu: Magari ya Spoti Yenye Vipuri vya Kuazima

Swali: Kwa nini kampuni ndogo za magari ya spoti haziundi injini zao wenyewe?

Jibu: Kwa sababu ya gharama. Injini mpya hufanyiwa majaribio ya joto, baridi na moshi kabla ya kuruhusiwa barabarani, na fedha hizo hurudi tu ikiwa magari yatauzwa kwa wingi mno. Ndiyo maana kampuni ya Ariel huliwekea gari lake la Atom injini ya Honda, na Pagani, licha ya bei zake za kutisha, ikaliwekea gari lake la Zonda injini ya Mercedes yenye silinda 12.

Swali: Nimesikia kwamba gari la barabarani la McLaren F1 lina taa za basi. Ni mzaha?

Jibu: Si mzaha, taa zake za nyuma ni zile zile za mabasi ya Bova. Jaguar XJ220 nayo ilichukua za Rover 200. Sioni aibu yoyote hapo, kwani taa ni kifaa ambacho lazima kiidhinishwe kisheria, na hizo zilikuwa zimeshaidhinishwa.

Swali: Kama injini ya Lotus Elise ni ya Toyota, mnunuzi analipia nini hasa?

Jibu: Analipia wepesi, na hilo si jambo dogo. Elise ya kwanza, iliyotoka mwaka 1996 ikiwa na injini ya Rover, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 725, kwa kuwa chasisi yake ilitengenezwa kwa vipande vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi badala ya kuchomelewa. Baadaye ilipokuja injini ya Toyota ya lita 1.8, ambayo pia ilitumika katika Celica, gari la Toyota yenyewe, gari liliongezeka uzito kidogo, lakini bado lilikuwa jepesi kuliko Celica yenyewe. Injini hiyo ikishapita mizunguko 6,000 kwa dakika, kemushafti (mhimili unaofungua vali za kuingiza hewa na kutoa moshi) hubadili namna ya kufungua vali hizo, mlio unakuwa mkali ghafla na nguvu zinaongezeka. Katika gari jepesi, dereva huyahisi mabadiliko hayo mgongoni. Anayesema kwamba amenunua Toyota kwa bei ya Lotus bila shaka hajaiendesha kwenye kona.

Swali: Je, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi?

Jibu: Vya injini, kwa kawaida ndiyo, mradi ujue namba ya kipuri katika orodha ya mtengenezaji wa asili, kwani kifaa kile kile kikiwa ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni ya gari la spoti mara nyingi huuzwa ghali zaidi. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila kitu hulingana: kompyuta ya injini na ekzosi huwa vimebadilishwa. Tatizo kubwa zaidi ni bodi. Sehemu yote ya mbele ya Elise ni kipande kimoja cha faibaglasi, hivyo mgongano mdogo wa kuegesha unaweza kumlazimu mwenye gari kutafuta fundi stadi wa faibaglasi au kununua kipande kizima. Kabla ya kulipa, pitisha tochi chini ya ukingo wa kipande hicho cha mbele na utafute nyufa.