Hatua mbili kwenye barua pepe ya kazini: simu ikizama utaingiaje?

Ndugu, unataka kuweka hatua mbili, yaani baada ya paswadi uombwe pia namba ya kutumika mara moja, na umeuliza kama namba ya kuletwa kwa meseji inatosha kulinda barua pepe ya hoteli yenu hapo Malindi, nanyi mko wanne mnaotumia paswadi moja. Nakujibu kwa yaliyonipata hapa Lamu, ambako nashughulikia bukingi za nyumba ya wageni.

Sisi tulianza baada ya kuumia. Mgeni alipata barua kutoka anwani yetu yenyewe ikimwambia salio alitume kwenye akaunti nyingine ya benki. Akatuma. Kumbe mmoja wetu alikuwa ameandika paswadi kwenye ukurasa bandia. Tukabadilisha paswadi siku ileile tukadhani yamekwisha, na mwizi keshaweka amri ya kumpelekea nakala ya kila barua inayoingia. Kwa hiyo anzia kwenye mipangilio: futa kila amri ya kusambaza barua usiyoijua, na uondoe simu na kompyuta zote ambazo bado zimeingia kwenye akaunti. Hatua mbili hazimtoi aliyekwisha kuwa ndani.

Meseji ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini tapeli akifanikiwa kuisajili upya laini yako, namba zitamfikia yeye. Tena nyumba zetu za kale kuta zake ni nene, za mawe. Chini mtandao haushiki. Nimepanda darini mara nyingi nikiinua simu juu, meseji inafika muda wa namba umeshapita. Programu kama Google Authenticator haihitaji mtandao. Unaskani msimbo wa QR mara moja tu, simu inahifadhi siri, na kila sekunde 30 inaichanganya siri hiyo na saa ikatoa tarakimu 6. Saa ya simu ikienda vibaya, namba zitakataliwa, basi iache ijirekebishe yenyewe.

Sasa lililoniuma zaidi. Nilikwenda gatini Manda kupokea wageni wa ndege, nikainama kushika begi, simu ikachomoka mfuko wa shati ikazama. Namba za akiba, zile za kuingilia simu ikikosekana, nilikuwa nazo, lakini nilizipiga picha kwa simu hiyohiyo. Na kwa kuwa sote tulitumia akaunti moja iliyofungwa kwa simu yangu, hakuna aliyeweza kuingia. Siku nne! Wageni wanashuka bandarini hatujui nani kalipa, nani bado.

Kwa hiyo kila mmoja awe na akaunti yake na simu yake, na barua pepe ya hoteli mpewe ruhusa ya kuifungua kila mtu kupitia akaunti yake, msigawane paswadi. Mwombe bosi anunue pia funguo mbili za usalama, zile za kuchomeka kwenye kompyuta, moja ikae kabatini. Tarakimu 6 unaweza kulaghaiwa ukaziandika kwenye ukurasa bandia, mwizi akazitumia papo hapo. Ufunguo hukagua anwani ya tovuti na haujibu isiyo yake. Na anayepiga simu kuomba namba, hata akijiita wa benki, mkatie.

Namba za akiba, Google hutoa 10, na kila moja hutumika mara moja. Zichapishe kabla hujainuka kitini, uzifungie na risiti. Kisha toka kwenye akaunti, uingie tena kwa mojawapo, na uikate kwa kalamu.