Kutazama ndege Arabuko-Sokoke na Hori ya Mida: anza na jedwali la maji

Wageni wengi hupanga ratiba yote kwa saa ya mkononi, kisha wanashangaa kukuta hori (mkono wa bahari uingiao nchi kavu) tupu, bila ndege. Msituni ndege hufuata jua, horini hufuata maji. Kwa kuwa msitu na hori vimekaribiana, siku moja inatosha kuvitembelea vyote viwili, mradi utazame jedwali la maji, yaani saa za kujaa na kupwa, kabla hata ya kuulizia gari.

Pwani ya Kenya maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mchanga na siku moja mbili zinazofuata, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Chagua siku hizo: asubuhi msituni, alasiri Mida. Fika horini muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Maji yakiwa yamepwa, ndege wametapakaa mbali kwenye tope na utaona vidoa tu. Yanapopanda huwasukuma kidogo kidogo hadi karibu na mikoko. Yakishajaa, wengi wamekwisha kurukia mahali pao pa kupumzika, nawe umechelewa. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, sehemu kubwa ya tope haifunikwi vizuri, kwa hiyo hawana sababu ya kukusogelea.

Msituni uwe umeingia ifikapo saa 12 asubuhi. Baada ya saa 4 kunanyamaza. Usiulize tu "ndege fulani yuko wapi", uliza udongo na miti. Upande wa mashariki ni msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi. Humo ndimo hutafutwa Geokichla guttata, ndege mwenye madoa kifuani, anayechakura majani makavu chini ya kivuli. Katikati ni miti ya mirihi (Brachystegia) kwenye mchanga mweupe: chozi wa Amani na mnana wa Clarke hupita juu kabisa ya matawi, na shingo itauma. Magharibi, kwenye udongo mwekundu na vichaka vizito vya miti ya Cynometra, ndiko anakoishi bundi wa Sokoke, Otus ireneae, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi. Mchana hulala ndani ya kichaka, na bila kiongozi wa hapo anayejua mahali anapolala utapita hatua mbili kutoka kwake usimwone. Usimchezee mara kwa mara sauti ya bundi iliyorekodiwa kwenye simu: huacha kazi yake ili kumjibu mpinzani asiyekuwapo, na mwishowe huhama au huzoea na kunyamaza.

Kwenye mirihi unaweza kutembea muda mrefu bila kuona kitu, kisha kundi la ndege wa kila aina likapita kwa dakika tano. Wanaoanza huendelea kutembea, wakalikosa. Simama kwenye njia yenye uwazi, sikiliza kelele za mramba, ndege mweusi anayeandamana na makundi hayo, kisha lifuate kundi polepole ukibaki njiani. Kubaki njiani si adabu tu, maana msitu huu una tembo. Ukikuta kinyesi kibichi, mwache kiongozi aamue. Suruali iingie ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, kioo cha mbele milimita 42) inafaa msituni kuliko ya 10x: huonyesha eneo pana zaidi na haitikisiki sana mkononi. Horini utahitaji teleskopu yenye miguu mitatu. Njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya mikoko hutikisika mtu akipita, kwa hiyo kubalianeni: mmoja akitazama, wengine wasimame. Jua liwe mgongoni, la sivyo kila ndege atakuwa mweusi.

Miezi nayo ina mvutano wake. Vitwitwi, yaani ndege wa ufukweni, kutoka kaskazini hujaa horini kati ya Septemba na Aprili, ilhali Geokichla guttata huja kutoka kusini takriban Aprili hadi Oktoba. Anayetaka wote alenge Septemba na Oktoba. Aprili mvua huharibu njia za msituni.

Kuwatambua vitwitwi, acha rangi kwanza, maana wengi ni kijivu tu. Tazama mdomo, miguu, kisha mwendo. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda juu, miguu ya manjano, na hukimbia huku ameinama. Sululu mdomo wake umepinda chini. Dromas ardeola humkosei: mweupe na mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wengine wote walinganishe na ndege unayemjua aliyesimama karibu nao, kwa kuwa peke yake kwenye tope kila ndege huonekana mkubwa. Wahesabu kumi kumi, na kando ya idadi andika saa na hali ya maji. Bila hayo hesabu za siku mbili haziwezi kulinganishwa.