Tatizo Sio Nyigu, Tatizo ni Shemeji na Ngazi Yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza nyigu akijenga nyumbani kwako unamwacha au unammaliza. Mimi nitajibu kidogo pembeni, maana kwangu swali lenyewe ni nani apewe hiyo kazi, na aifanye saa ngapi.

Msimamo wangu kwanza: waacheni. Nyigu wanasingiziwa sana jamani. Huyo unayemkimbiza na kandambili ndiye anayekamata viwavi kwenye mboga zako akalishe watoto wake. Na wale wembamba wanaobandika vijumba vya udongo ukutani, wanaojaza humo buibui waliowapooza kwa sumu, hawana hata kundi la kulinda, labda umshike kwa mkono ndo akuume. Mtu anayewapulizia dawa hao namshangaa kabisa.

Sasa shemeji yangu. Kilikuwepo kiota chini ya ukingo wa paa, juu ya mlango wa nyuma, cha kijivu, kimening'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, vitundu vyote vimeangalia chini, ile karatasi wanayotengeneza wenyewe kwa kutafuna mbao na kuchanganya na mate. Nyigu wamejikalia juu yake wametulia tuli. Shemeji kaja kututembelea, hakuombwa na mtu, kakiona tu kasema hii kazi ya dakika mbili. Kachana fulana kuukuu, kaifunga kwenye fimbo ya ufagio wa buibui, kachovya petroli, jua la saa saba mchana, kapanda ngazi na kusimama chini yake kabisa. Dada anamwambia baba watoto shuka, yeye anasema nyie shikeni ngazi, na hakuna aliyeishika kwa sababu wote tulikuwa tumeshaingia ndani tunachungulia dirishani.

Kiota kiliungua, sikatai. Ila na ubao wa paa ukashika. Halafu mchana nyigu wengi wanakuwa wametoka kutafuta chakula, sasa wale wakaanza kurudi wanakuta nyumba haipo, ila kuna mwanaume juu ya ngazi. Fimbo inawaka, hawezi kuitupa, hawezi kujipiga makofi, na mmoja kaingia kwenye shati. Ujue nyigu sio nyuki, nyuki akikuuma mwiba wake wenye meno unabaki kwenye ngozi na mwenyewe anakufa, wa nyigu unatoka vizuri tu anarudia anavyotaka. Shemeji akaruka, ngazi ikamfuata, kifundo cha mguu kikavimba kuliko hata pale alipoumwa. Ule ubao tuliuzima kwa maji ya kufulia yaliyokuwa kwenye beseni, na hapo ndo nikaona kitu, nyigu waliopigwa na lile povu walidondoka hawakuinuka tena. Mpaka leo shemeji anasema ngazi ilikuwa mbovu.

Ile sabuni haikuwa bahati. Nyigu anapumua kwa vitundu vidogo ubavuni, maji matupu hayapiti kirahisi ila ya sabuni yanapenya na kumzamisha. Kwa hiyo huhitaji moto wala petroli, na petroli hata bila kiberiti inaharibu udongo na mvuke wake ni hatari tupu.

Ila ngoja, nikiandika hivi namkumbuka mama mdogo. Yeye aliumwa na mmoja tu, mmoja, midomo ikavimba, vipele mwili mzima, pumzi ikaanza kukata, akakimbizwa hospitali akachomwa sindano ya adrenalini. Mtu wa hivyo huwezi kumwambia habari za viwavi. Kwa hiyo naona ule msimamo wangu wa mwanzo niulegeze: kiota kikiwa juu ya mlango, au watoto wanapochezea, kitoke. Tena kitoke mapema, kikiwa na vitundu vichache na malkia peke yake, hapo hata fimbo ndefu inatosha akiwa ametoka.

Kikishakuwa kikubwa subiri giza liingie, nyigu wote wakiwa wamerudi kwenye kiota na ubaridi umewapunguza kasi, vaa mikono mirefu na suruali nzito uichomeke kwenye soksi, tochi uifunike na plastiki nyekundu maana mwanga mwekundu hawauoni vizuri, simama pembeni sio chini yake, ujue utakimbilia wapi, ndo ukimwagie yale maji ya sabuni. Na usimponde nyigu karibu na kiota, harufu ya ile sumu ndo inawaita wenzake. Ukitumia dawa ya dukani soma kopo, nyingi ni sumu kali kwa samaki na paka.

Ila kama wanaingilia kwenye tundu la ukuta au kwenye dari usijifanye fundi. Usizibe hilo tundu, watatafuna wapate njia nyingine na hiyo njia inaweza kuwa sebuleni kwako. Hapo ita watu wa kuua wadudu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Na kama kuna mwenye aleji nyumbani ita hao hao hata kwa kiota kidogo.

Vilivyo kule mwisho wa bustani mimi bado naviacha. Isipokuwa shemeji akisema anakuja, hapo navitoa usiku wa kuamkia siku hiyo.