Maswali ya wasomaji: Stima za mto Mississippi

SWALI: Ndugu mhariri, nasikia stima za zamani za mto Mississippi, kule Marekani, zilikuwa zikipasuka boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke), na nyingi zikipasuka ndiyo kwanza zinaondoka gatini. Mbona si katikati ya safari, moto ukiwa umepamba? — Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Tazama pampu. Katika stima za mwanzo, pampu ya kulisha boila iliendeshwa na injini ileile iliyozungusha gurudumu la kusukumia chombo. Stima ikifunga gati kupakia pamba au kuni, injini husimama na pampu nayo husimama. Moto hauzimwi, kwa kuwa nahodha anataka aondoke na mvuke mwingi. Maji yanachemka, yanapungua, na mengine hayaingii. Yakishuka chini ya mabomba yanayopitisha moto ndani ya boila, chuma hubaki kikavu, huiva hadi kikawa chekundu, kikalegea. Injini ikiwashwa tena, maji yanaruka juu ya chuma hicho, na mvuke unafumuka ghafla. Stima Moselle ilipasuka Cincinnati, kwenye mto Ohio unaoingia Mississippi, tarehe 25 Aprili 1838, mara tu ilipoachana na ukingo. Dawa yake ilikuwa pampu yenye injini yake ndogo, inayofanya kazi hata chombo kikiwa kimesimama.

Tope nalo lilichangia. Maji ya boila yalitekwa mtoni humo humo, na tope likituama chini huzuia maji yasikipoze chuma. Asiyelitoa mara kwa mara aliunguza boila yake. Na wapo waliotundika uzito wa ziada kwenye mkono wa vali ya usalama, inayotoa mvuke ukizidi, ili wapate mwendo. Huo ni ujinga mtupu, si ajali. Sheria ya stima ya Marekani ya 1838 haikuwa na meno. Ya 1852 ndiyo iliyobana: boila ijaribiwe kwa maji ya shinikizo, marubani na mafundi wawe na leseni.

Hata hivyo stima Sultana ilipasuka karibu na mji wa Memphis tarehe 27 Aprili 1865. Iliruhusiwa watu 376, ikapakia zaidi ya 2,000, wengi wao askari waliotoka kifungoni vitani. Boila yake moja ilikuwa imetiwa kiraka katika mji wa Vicksburg, chembamba kuliko bati lenyewe. Walikufa zaidi ya watu 1,000.

SWALI: Na usiku, rubani alijuaje kina? — Msomaji, Dunda, Bagamoyo

JIBU: Kwa bildi, yaani kamba yenye uzito wa kupimia kina, kama mabaharia wa kwetu. Kamba ilitiwa alama za ngozi na vitambaa, na mtupaji alitangaza kila kipimo kwa sauti. Pima mbili, yaani futi 12, zilitosha stima kupita salama. Samuel Clemens, aliyepata leseni ya urubani 1859, aliugeuza wito huo wa pima mbili, “mark twain” kwa Kiingereza, kuwa jina lake la uandishi: Mark Twain.

Kisichoonekana kwa bildi ni gogo. Miti iliyoporomoka ukingoni ilikita mizizi kwenye tope, ncha zikaelekea mto unakoshukia. Stima inayopanda ikajichoma yenyewe. Mwaka 1829 Henry Shreve, nahodha wa stima, alishusha majini Heliopolis, stima ya kung'olea magogo: matumbo mawili yaliyounganishwa, na mbele boriti nzito iliyovikwa chuma. Ililivamia gogo kwa kasi, ikaling'oa, ikalipandisha kwa mashine, kisha likakatwa vipande kwa msumeno.